Mtoto wa Taifa na Nyonyo Yake

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila sitalitaja kwa sababu za kiafya. Afya yangu mimi, si ya nchi. Nchi haina tatizo. Redio imesema haina, na mtangazaji aliposema hivyo hakukohoa.

Naitwa Kondo, Mfuta Vumbi Mkuu wa Picha Rasmi. Cheka, cheka tu. Wanaocheka cheo changu mchana ndio hao hao wanaonibembeleza jioni: "Mzee Kondo, hebu pita ofisini kwangu uangalie kama picha ina nzi." Maana nzi akiacha alama kwenye paji la uso la Mtukufu Mlezi, anayefungwa si nzi.

Mtukufu Mlezi ndiye mkuu wetu wa nchi. Picha yake lazima itundikwe kila mahali: mahakamani, buchani, kwa kinyozi, hata kwenye choo cha stendi, nako naifuta, na sijawahi kupewa sabuni. Katika picha hiyo Mtukufu amekaa kwenye kiti chekundu, amepakata mtoto mchanga. Mtoto ana nyonyo mdomoni, ile chuchu ya mpira isiyo na maziwa wanayotiwa watoto wanyamaze, yenye pete ya buluu. Chini pameandikwa: MLEZI NA TAIFA LAKE LILILOTULIA. Ni picha nzuri. Nasema hivyo kwa hiari yangu, na wenzangu wote kazini walisema hivyo kwa hiari zao, siku moja, katika chumba kimoja, mlango umefungwa.

Yule mtoto namjua. Anaitwa Mbaruku, mwana wa jirani yangu Mwanakheri, muuza bajia. Baba yake alikwenda nchi ya jirani kutafuta kazi, akaipata, akabaki nayo.

Siku ya kupiga picha waliletwa watoto wachanga kutoka mitaa yote, wasafi, wamepakwa poda mpaka shingoni. Kila aliyewekwa mapajani mwa Mtukufu alimtazama usoni, akaangua kilio. Redio ilieleza baadaye kwamba walilia kwa uzalendo. Mbaruku alikuwa mzalendo kupita wote; alilia mpaka akapata kwikwi. Hapo Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Ngwatala, akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa nyonyo, akamziba nayo. Kwa nini waziri mzima atembee na nyonyo mfukoni? Sikuuliza. Mtoto akanyonya, akanyamaza, kamera ikalia, na Mbaruku akawa Mtoto wa Taifa.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Thubutu! Sisi tuna Sheria ya Picha. Sheria inasema kilichomo pichani ndicho kweli, na chochote kisichofanana na picha kijirekebishe haraka. Ndiyo maana nywele za Mtukufu zinazidi kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka. Ndiyo maana kile kiti chekundu, mguu wake ulipoanza kuoza, hakikutengenezwa bali kilipewa askari wa kukishikilia kwa chini. Na ndiyo maana Mbaruku aliamriwa kuwa na nyonyo mdomoni, ile ile, kuanzia anapoamka mpaka anapolala, na kila mwaka kwenye sikukuu ya Pakato apelekwe uwanjani akapakatwe tena mbele ya umati, ili taifa lihakikishe kwamba bado limetulia.

Pakato ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili Mtukufu alipumua kwa shida kidogo. Ya tatu miguu ya mtoto iligusa viatu vya Mtukufu, na uwanja mzima haukuona.

Kila asubuhi alikuja Mkaguzi wa Nyonyo, bwana mmoja mwembamba mwenye mkoba usio na kitu. Anavua viatu mlangoni, anashika ile pete ya buluu, anaivuta kidogo, anasema, "Imekaza," anavaa viatu, anakwenda zake. Ndiyo kazi yake nzima, na ana gari.

*

Mwanzoni Mwanakheri alifurahi, kwa nini nimsingizie? Serikali ilimpa gunia la unga wa dengu na mtungi wa gesi, na shoga zake wakawa hawalali kwa wivu. Lakini Mbaruku alikuwa anakaribia miaka minne na hajasema neno. Meno ya mbele yalikuwa yamechomoza, yanaifuata nyonyo. Akitaka maji, kidole. Akiumia, machozi yanamtoka na mdomo hautoi kitu. Muuguzi wa kliniki alimtazama kinywani, akaenda kufunga mlango kwanza, ndipo akasema: "Dada, mtoto huyu haumwi. Kazibwa tu. Mwachishe pole pole, utamsikia."

Jioni ile Mwanakheri alinisimulia huku anakoroga unga. "Mzee Kondo, watoto wa wenzangu wanaita mama, mama, mpaka mama zao wanakasirika. Mimi sijaitwa hata mara moja. Najua ni jambo dogo. Lakini nalitaka."

"Kaombe kibali," nikamwambia, maana mimi ni mtu wa taratibu.

Akaenda wizarani. Mheshimiwa Ngwatala alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kochi, kisha akasimama akamhutubia, yeye peke yake, kwa sauti ya uwanjani.

"Mama Mtoto wa Taifa! Hebu tutafakari kwa kina. Nyonyo ni nini? Je, ni mpira? La hasha! Nyonyo ni nguzo. Taifa lisilo na nyonyo ni taifa lenye mdomo wazi, na mdomo ukishakuwa wazi, mama, ni kitu gani hakiwezi kutoka? Wataalamu wetu wamefanya utafiti, wakagundua kwamba watu wote wanaosema walianza kwa kulia. Unaiona hatari hiyo?"

"Mheshimiwa, meno yanaharibika."

"Pichani hayaonekani."

"Lakini mtoto hasemi."

"Na umeshamsikia akilalamika?"

Waziri akainama karibu yake, sauti ikawa ya upole, na upole wake ndio unaotisha. "Nyonyo ikitoka, mama, tutajua malezi yamekushinda. Mtoto atahamia Ikulu. Huko kuna wataalamu wa kuishikilia. Wewe utamwona siku ya Pakato, kila mwaka, ukiwahi kufika upate nafasi ya mbele."

Alirudi nyumbani amefunga mdomo kabisa. Nikajua huyu mwanamke keshaamua jambo.

*

Hakuitoa kwa pupa. Mkaguzi akishaondoka, nyonyo inawekwa kwenye kikombe juu ya kabati, na Mbaruku anapewa kipande cha kanga kuukuu akishike, chenye harufu ya mama na ya bajia. Siku za mwanzo ilikuwa vita. Mtoto alijitupa chini, akalipiga kabati mateke, akalia kwa sauti yote aliyokuwa ameiweka akiba tangu siku ya picha. Mwanakheri akafungulia redio mpaka mwisho. Hotuba ya Mtukufu ikakifunika kilio, na wapita njia wakasimama wima kwa heshima. Mtoto akinyamaza mwenyewe anasifiwa: "Baba wee! Dume kubwa hili!" Usingizi ukija anapewa nyonyo, akipitiwa inatolewa taratibu. Baadaye mama akaitoboa kwa sindano, ikawa inanyonywa na raha hakuna. Mbaruku akawa anainyonya kidogo, anaitoa, anaigeuza, anaitazama kwa mashaka. Raia hatakiwi kukitazama hivyo kitu cha serikali.

Mimi niliyaona yote dirishani kwangu, nikasahau kutoa ripoti. Kazi zilikuwa nyingi.

Basi asubuhi moja wako uani, Mbaruku ameshika nyonyo mkononi, kunguru akatua ukutani akaanza kelele zake. Kwetu mtoto aking'oka jino hulitupa juu ya bati ampe kunguru, amletee jipya. Mwanakheri akasema, "Unamsikia huyo? Ana kitoto kwenye kiota, kichanga, kinalia. Hana cha kukinyamazishia." Hakusema zaidi. Mbaruku akamtazama kunguru, akaitazama nyonyo. Akafikiri weee. Kisha akairusha juu ya bati kwa nguvu zake zote, na kunguru, bila kibali chochote, akaichukua na pete yake ya buluu akaruka nayo upande wa Ikulu.

"Yake," akasema Mbaruku.

Mwanakheri aliketi papo hapo, juu ya sinia la unga. Mtoto akamwendea, akamshika shavu. "Mama," akasema.

Alilia yule mwanamke, jamani, akacheka, akalia tena. Mimi dirishani vumbi likaniingia machoni, na mimi ndiye Mfuta Vumbi Mkuu.

*

Kesho yake Mkaguzi akavua viatu, akanyoosha mkono, akashika hewa. Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Iko wapi?"

"Kaichukua kunguru."

"Kwa mamlaka ya nani?"

Saa hiyo hiyo ikatangazwa Operesheni Rudisha. Askari walipanda juu ya mabati yetu kwa buti, wakayatoboa. Kunguru walikamatwa wakahojiwa, na wote walitoa jibu moja, jambo lililothibitisha kwamba wamepangana. Miti ya mjini ilikatwa visipatikane viota, hivyo kunguru wakahamia juu ya paa la Wizara ya Utulivu, ambako makombo ya vikao ni mazuri kupita ya mtaani. Nyonyo haikuonekana.

Wakaleta nyonyo mpya. Mbaruku akaitema. Wakaleta yenye asali. Akalamba asali, akaitema. "Mimi mkubwa," akawaeleza. Mwanakheri alikuwa keshafunga nguo za mwanawe kwenye kifurushi, anangoja gari la Ikulu. Hali, hanywi, anamtazama tu mtoto akiongea na mende.

Lakini gari halikuja, kwa kuwa Mheshimiwa Ngwatala alikuwa amekabwa pabaya. Akimpeleka mtoto Ikulu bila nyonyo, Mtukufu atauliza waziri gani kaipoteza. Akisema huyu siye Mtoto wa Taifa, Mtukufu atauliza aliye ndiye yuko wapi. Alifikiri mpaka chai ikampoea mezani, jambo ambalo halijapata kutokea wizarani. Kisha akaja redioni.

"Ndugu wananchi. Kuna uvumi. Napenda kuwahakikishia kwamba picha haijabadilika. Pichani Mtoto wa Taifa ana nyonyo. Kwa hiyo anayo. Asiyeiona akapimwe macho, na gerezani kwetu kuna daktari wa macho. Na kwa kuwa mwenye nyonyo mdomoni hawezi kusema, basi lolote litakalosikika kutoka upande wake halikusemwa, na aliyelisikia hakusikia."

Tukapiga makofi. Mkaguzi akarudi kazini. Kila asubuhi anavua viatu, anashika hewa mbele ya midomo ya Mbaruku, anaivuta kidogo. "Imekaza," anasema. Mbaruku anamwambia, "Shikamoo." Mkaguzi haitikii, maana hajasalimiwa.

*

Siku ya Pakato uwanja ulijaa pomoni. Mtukufu aliketi kwenye kiti chekundu, askari amelala chini yake anashikilia mguu. Mbaruku akawekwa mapajani. Mwanakheri alikuwa mstari wa mbele, mikono ameifunga kwenye kanga. Vipaza sauti vilikuwa vimeelekezwa kinywani mwa Mtukufu, na kichwa cha Mbaruku kilikuwa kimeshafika hapo hapo.

"Mtoto wa Taifa ametulia tuli," akasema mtangazaji, "nyonyo mdomoni, sura ya furaha..."

"Babu," akasema Mbaruku.

Uwanja mzima haukusikia.

"Babu, bomba letu limekauka. Mama ananunua ya mkokoteni. Wewe unayo maji?"

Mtukufu alikuwa hajaulizwa swali miaka mingi. Nadhani lilimwingia kabla hajajikinga, kwa sababu alijibu. "Ninayo," akasema, na vipaza sauti vikalipeleka jibu mpaka nje ya uwanja. "Tele. Na ya kuogelea."

"Basi tupe."

Mtangazaji akameza mate. "Nyonyo imekaa barabara kabisa," akasema, na bendi ikapiga kwa nguvu kuliko mwaka mwingine wowote. Kwa kuwa swali halikuulizwa, jibu nalo halikutolewa, na maji hayakuja. Lakini Mwanakheri alimbeba mwanawe mgongoni, akapita katikati ya askari, na askari wote wakawa wanatazama mawingu. Hakuna aliyemgusa.

*

Watu wa mji wetu si wajinga kama tunavyosemwa. Siku ya pili kinyozi alikuja kununua bajia, akainama, akamnong'oneza Mbaruku sikioni kwamba umeme unakatika kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu. Mbaruku akapanda juu ya kreti la soda, akalisema kwa sauti, askari wanapita. Hakuna aliyesikia! Kinyozi akaenda nyumbani mwepesi, akalala usingizi mnono. Akaja mwalimu na dari lililowaangukia wanafunzi. Akaja muuza mkaa. Akaja Bi Tatu, ambaye mwanawe alichukuliwa na gari lisilo na namba, na Mbaruku akasimama juu ya kreti akauliza kwa sauti ya kitoto, "Mwanangu mmempeleka wapi?" Watu kwenye foleni wakafuta machozi, wakasema mtoto huyu ana kipaji.

Foleni ikawa inaanza alfajiri. Kila mtu anatua mzigo wake pale, anakwenda kulala, kesho anarudi na ule ule. Umeme ulizidi kukatika, bomba lilizidi kukauka, lakini tulilala vizuri sana. Mheshimiwa Ngwatala alitangaza kwamba nchi haijapata kutulia hivi tangu iumbwe, na safari hii alisema kweli.

Mbaruku sauti ikamkauka. Jioni hakuwa tena na maswali ya kunguru wala mende. Hakuita mama. Alikaa kwenye kona ameshika kipande chake cha kanga, kidole gumba kimeingia kinywani.

Siku nilipokwenda mimi na langu, foleni ilifika buchani. Mbele yangu alikuwa amesimama bwana mmoja mpana, amejifunika shuka mpaka kichwani, ambaye sikumwangalia sana. Mlango ukafunguliwa, Mwanakheri akatoka, akalipiga teke lile kreti.

"Basi! Leo hakuna!"

"Dada, mimi moja tu, la haraka," akasema kinyozi.

"Ulikuja jana na hilo hilo! Na juzi! Mwanangu akishalisema unakwenda kukoroma. Haya niambie, umeme umerudi? Nimetoka jasho kumwachisha nyonyo mtoto huyu, kumbe nyonyo yenu ndiye yeye! Watu wazima na ndevu zenu, mnamnyonya mtoto!"

Mtu akakohoa. Ikabidi niseme mimi, mtu wa serikali. "Mwanakheri, elewa. Sisi tukisema tutakamatwa. Yeye hakamatwi."

"Naelewa, Mzee Kondo. Na wewe ulikuwa dirishani, usinifanye sijui. Uliona alivyogaagaa, alivyolia, alivyopiga kabati. Hakufa. Nanyi lieni kidogo. Hamtakufa."

Hilo la mwisho hakuwa na hakika nalo, wala sisi. Alifunga mlango. Tukamsikia mtoto ndani anauliza, kwa sauti iliyokauka, kama kunguru wanakula bajia, na mama anamjibu kwamba wanakula wakipewa.

Tukabaki barabarani. Hakuna aliyeondoka na hakuna aliyemtazama mwenzake. Ukutani buchani Mtukufu alikuwa ananitazama, safi, nimemfuta asubuhi ile ile kwa mkono wangu. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaufunga. Nikaufungua tena.

"Bomba limekauka," nikasema.

Ilitoka vibaya, nyembamba, na kwikwi ndani yake. Yule bwana mpana aliyekuwa mbele yangu akageuka, shuka likamdondoka, na hapo ndipo nilipoziona nguo zake. Alikuwa askari. Foleni yote ilirudi nyuma hatua moja.

Akavua kofia, akaishika kifuani.

"Na kwetu pia," akasema.